Taa ndogo, mama wa Kijapani na kilomita zilizopotea: nilivyoijua Subaru yangu baada ya kuilipia

Nililipia gari Jumamosi mchana. Jumatatu asubuhi halikuwaka. Niligeuza ufunguo, dashibodi ikameta kidogo kama mtu anayefumbua jicho moja, kisha kimya. Nje ya geti, madereva wawili wa bodaboda walioniona Jumamosi nikiliingiza kwa mbwembwe wakajifanya wanaangalia simu. Nikapanda daladala kwenda kazini, ufunguo wa Subaru ukiwa mfukoni.

Ni Impreza WRX STI ya mwaka 2004, lile umbo ambalo watu wake wanaliita GDB: spoila kubwa nyuma, tundu la hewa juu ya boneti, injini ya boksa (pistoni zake zimelala ubavu) ya lita mbili yenye tabo, kile kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini. Nililitamani tangu nikiwa sekondari. Mwaka 2021 nikawa na shilingi milioni 27 zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya kiwanja Kigamboni, na kiwanja hicho hakikununuliwa. Sitasema mengi kuhusu wiki iliyofuata nyumbani. Mama watoto alikuwa akinijibu kwa "sawa" tu, na mwenye ndoa anajua uzito wa neno hilo.

Gari lilikuwa limetumika mkononi, liliingia nchini mwaka 2016. Muuzaji alisema anahama mkoa. Nililijaribu kwa dakika kumi, kutoka Tabata hadi Barabara ya Mandela na kurudi, na katika dakika hizo kumi nilifanya kazi moja tu: kusikiliza sauti. Lilikuwa linanguruma ile bubu-bubu-bubu ambayo ukiisikia usiku unajua Subaru imepita. Kilomita zilisomeka elfu 96 na kidogo. Rangi safi, viti safi. Dalali akachukua laki tatu zake, mimi nikachukua ufunguo mmoja, kadi ya gari na mkataba wa ukurasa mmoja. Sikuuliza karatasi za Japani. Sikufungua boneti kwa zaidi ya kuangalia kama kuna kitu kinavuja. Kwa ufupi, nililinunua kwa masikio.

Turudi kwenye betri. Jirani alinibusti jioni ile, gari likawaka, nikaenda moja kwa moja kununua betri mpya, shilingi 230,000. Nikaona nimemaliza. Baada ya siku tisa, hali ileile. Fundi umeme wa mtaani akaja na taa yake ya majaribio, akagusa hapa na pale, akasema altaneta haichaji vizuri. Akaishusha, akaenda nayo, akairudisha imepakwa rangi ya fedha. Laki moja na nusu. Wiki iliyofuata betri ikalala tena.

Aliyenitoa gizani ni mlinzi wa jengo tunakofanyia kazi. Saa moja usiku nimeshafunga milango, naelekea getini, akaniita: "Bosi, mbona taa zako ndogo hazizimi?" Nikarudi. Kweli, taa ndogo za mbele zilikuwa zinawaka, na za nyuma pia, wakati swichi ya taa kwenye usukani iko kwenye kuzima na ufunguo niko nao mkononi. Nikazungusha swichi huku na huku. Nikawasha gari, nikazima. Taa zinanikodolea macho tu. Hapo akapita dada mmoja wa ofisi ya juu anayeendesha Forester. Hakuuliza hata swali. Aliingiza mkono dirishani, akabonyeza kitu juu kabisa ya shingo ya usukani, nyuma ya mita kidogo, mahali ambapo mimi niliona ni plastiki tu. Tik. Taa zikazima.

"Karibu Subaru," akasema, akaenda zake.

Ile ni swichi ya taa za maegesho. Subaru za miaka ile wameiweka hapo ili uweze kuacha taa ndogo zinawaka hata ukiwa umezima gari na kuchomoa ufunguo, kwa mfano umeegesha kando ya barabara nyembamba usiku. Ni kitu cha maana kabisa. Ila kijana wa kuosha magari akipitisha kitambaa juu ya usukani, anaibonyeza bila kujua. Mchana huoni kwamba taa zinawaka. Asubuhi huna betri. Nikapiga hesabu za nyuma: Jumamosi ile ya kwanza nilikuwa nimepita kuliosha kabla ya kwenda nalo nyumbani, na mara zile nyingine mbili pia zilikuwa siku za kuosha. Betri ya zamani ilikuwa nzima. Altaneta ilikuwa nzima. Kama una Subaru na betri inakufa kwa mafumbo, kabla hujampigia fundi, papasa juu ya shingo ya usukani.

Kisha kulikuwa na yule mama. Kila nikiwasha gari, sauti ya kike, ya upole sana, inasema sentensi moja ndefu ya Kijapani. Wenye magari kutoka Japani mnamjua. Wiki za mwanzo, kwa kuwa gari lilikuwa linanizimikia, niliamini kabisa ananionya: labda oili, labda breki. Nilimrekodi kwa simu nikampelekea rafiki aliyesoma Japani. Akacheka kwa ujumbe wa sauti wa dakika nzima. Mama anasema kadi ya ETC haijawekwa. ETC ni kile kifaa cha kulipia barabara za kulipia kule kwao. Unachomeka kadi, unapita kwenye geti bila kusimama, pesa inakatwa. Hana habari kwamba yuko Tabata. Redio nayo ni hivyohivyo, haijui imehama: FM ya Japani ya wakati ule inaishia megahezi 90, kwa hiyo Clouds ya 88.5 naipata, E-FM ya 93.7 siipati. Hilo si ubovu. Kifaa cha kupandisha masafa kinauzwa bei ndogo, au unaweka redio nyingine.

Kituko cha tatu kilileta majirani nje. Usiku mmoja nimefika, nimechomoa ufunguo, nimeshuka, nafunga mlango, injini bado inanguruma. Nikadhani nimechanganyikiwa, nikautazama ufunguo mkononi. Injini inaendelea. Jirani akatoka na tochi akiuliza nani anawasha gari la watu. Tukasimama wawili tunalitazama, na baada ya kama dakika mbili likazima lenyewe, kwa adabu. Chini ya dashibodi, upande wa goti, kulikuwa na kiboksi kidogo cheusi chenye namba nyekundu ambacho nilikuwa nimekiona siku zote nikakichukulia kama saa. Ni taima ya tabo. Mwenye gari wa Japani aliifunga ili injini iendelee kuzungusha oili na kuipoza tabo baada ya kukimbizwa sana. Inawekwa dakika unazotaka, na inaweza kuzimwa kabisa. Mimi niliizima. Siku hizi nikikaribia nyumbani naendesha taratibu kilomita mbili za mwisho, tabo inafika imepoa. Na tafadhali, mwenye gereji ya kufunga milango asithubutu kuacha kitu kama hicho kinafanya kazi humo ndani. Moshi wa gari unaua bila kelele.

Mpaka hapo mtu anaweza kucheka. Mlio wa "pip" ndio ulioanza kunila pesa za maana. Kila nikikanyaga mafuta na mshale wa mizunguko ukapita 4,500, dashibodi inalia pip-pip-pip na kitaa chekundu kinawaka ndani ya mita. Nikiachia, kimya. Fundi wa kwanza akachomeka mashine yake ya kupima, shilingi 50,000, mashine haikuona kosa lolote. Hapo angeniambia ukweli kwamba hajui. Akasema mashine za Subaru "zinaficha", tubadilishe sensa. Tukabadilisha, 120,000. Pip-pip-pip.

Nilichokifanya baada ya hapo ndicho ningepaswa kukifanya siku ya kwanza. Siku moja umeme ulikatika nyumbani, joto lile la Januari, nikaenda kukaa kwenye gari. Nikaamua nitafungua kila kinachofunguka. Chini ya zulia la buti, chini ya tairi la akiba, kwenye mfuko wa nailoni, nikakuta kitabu cha gari. Kinene, Kijapani kitupu, michoro mingi. Nikachukua simu, nikafungua ile programu ya kutafsiri inayosoma maandishi kwa kamera, nikaanza ukurasa kwa ukurasa. Tafsiri zake ni za ajabu, mahali pamoja ilinishauri "usimkasirishe mnyama wa mafuta", lakini ukiwa na mchoro pembeni unaelewa. Nilikaa humo tangu saa mbili usiku hadi saa saba. Mama watoto alinichungulia dirishani mara mbili, ya pili akaniletea chai. Tulikuwa tumeanza kuelewana.

Ule mlio ni kengele ya mizunguko. STI inakuruhusu kuchagua ni mizunguko mingapi ikufikie ndipo ikukumbushe kubadili gia, na unaiweka kwa kitufe kilichoko kwenye mita zenyewe. Mwenyewe wa awali, labda mtu wa kubana mafuta, aliiweka 4,500. Nikaipandisha hadi 7,000. Haijalia tena, maana barabara zetu zenye tochi za trafiki kila kona hazikufikishi huko. Laki moja na elfu sabini zilikuwa zimekwenda kutafuta ugonjwa wa kitu kinachofanya kazi vizuri kuliko mimi.

Usiku huohuo nikajua vingine. Kuna kitufe ambacho nilikuwa nakibonyeza tangu siku ya kwanza na hakifanyi chochote, nikasema kimekufa. Kumbe ni cha kupulizia maji intakula. Juu ya injini ya STI, chini ya lile tundu la boneti, kuna intakula, kama rejeta ndogo ya kupoza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye silinda. Hewa ya baridi ni nzito zaidi, injini inapata nguvu. Sasa Subaru waliweka tenki la maji kwenye buti, pembeni, lenye pampu yake, na mrija unaokuja hadi mbele. Ukibonyeza, maji yanapulizwa kama ukungu juu ya intakula, yanakauka yakiondoka na joto. Miezi mitatu nilikuwa nabonyeza tenki tupu. Asubuhi nikajaza maji safi, nikafungua boneti, nikamwambia mwanangu wa miaka sita abonyeze. Fyuuu. Alipiga kelele ya furaha ambayo sijaisikia hata siku ya sikukuu. Kwa foleni ya Dar sidhani kama inanisaidia chochote, lakini kila Jumapili lazima "tulimwagilie gari".

Na lile gurudumu dogo la kidole karibu na breki ya mkono, nililodhani ni la kurekebisha mwanga wa dashibodi, ndilo linaloamuru difu ya kati. Ukiliacha kwenye otomatiki, gari lenyewe linaamua ni kiasi gani magurudumu ya mbele na ya nyuma yafungwe pamoja. Ukiweka kwa mkono, unaamua wewe. Nilijifanya mjuzi nikalisukuma hadi mwisho, halafu nikaenda kukata kona kali kwenye maegesho ya sakafu kavu. Gari likatetemeka na kurukaruka kama punda aliyekataa mzigo. Laiti ningekutana na tetemeko hilo kabla ya kusoma kitabu, ningeshanunulishwa sivii joint na propela shafti. Difu ikifungwa, mbele na nyuma zinazunguka sawasawa, na kwenye kona hazipaswi kuzunguka sawasawa. Kufunga ni kwa matope na changarawe. Kwenye lami, acha otomatiki. Nilikuja kulijaribu njia ya Kisarawe baada ya mvua, na hapo nikaelewa kwa nini magari haya yalitengenezewa jina kwenye mashindano ya rali. Nilitabasamu peke yangu kilomita nzima.

Jambo linaloshabihiana na hilo, na ambalo si la kuchekesha: gari la kuvuta magurudumu manne halitaki tairi za kuokoteza. Zikitofautiana mzunguko, hata kwa sababu moja ni mpya na tatu zimeisha, difu ya kati inafanya kazi muda wote kana kwamba uko kwenye kona. Mafundi wa Subaru wanataka tofauti isizidi kama milimita sita kwenye mzingo wa tairi. Ukipasua moja, hesabu gharama ya nne, au tafuta moja iliyotumika yenye kina kinacholingana. Hili hakuna dalali atakayekuambia.

Kosa la rimu ni la kwangu mwenyewe, sina wa kumlaumu. Niliona rimu za dhahabu za STI, inchi 17, mtu anauza zikiwa zimetoka kwenye gari kama langu kwa macho. Shilingi 1,100,000. Nikalipa kwa simu, zikaletwa, fundi tairi akainua gari, akaweka ya kwanza, akaniangalia. Matundu hayaingii kwenye bolti. Subaru walibadilisha mpangilio wa bolti za STI katikati ya mwaka 2004: zile za kabla zina duara la bolti la milimita 100, zilizofuata zina la milimita 114.3. Magari mawili ya umbo lilelile, mwaka uleule kwenye kadi, rimu haziingiliani. Niliziuza kwa laki nane kwa kijana mwenye ile ya zamani, na nilimwambia apime kwanza, tofauti na mimi.

Sasa lile lisilopiga kelele. Kwenye kitabu, ule usiku, kulikuwa na ukurasa wa ratiba ya matengenezo, na simu ikanitafsiria kwamba mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha vavu na pistoni, ubadilishwe kila kilomita 100,000. Gari langu lilisoma 98,700. Nikajisifu kwamba nimewahi. Kesho yake nikifungua mlango wa dereva, nikaona kwenye fremu, pale mlango unapofungia, kijikaratasi cha gundi kimefifia, cha ukubwa wa stempu mbili. Nilikuwa nimekiona mara mia. Nikakielekezea simu. "Ubadilishaji wa oili. Heisei 27, mwezi wa 6, siku ya 14. Kilomita 141,320."

Nilikaa chini kwenye simenti.

Miaka ya Heisei inahesabiwa kuanzia 1989, kwa hiyo ukiona namba ya Heisei jumlisha 1988: 27 ni 2015. (Reiwa iliyoanza 2019, jumlisha 2018.) Mwaka mmoja kabla ya kuingia nchini, gari hili lilikuwa limeshatembea kilomita elfu 141. Miaka sita baadaye likauzwa kwangu na 96. Mtu alishusha kilomita, nani na wapi sitajua, na alisafisha viti, akapiga rangi bampa, akasahau kijikaratasi. Ningekuwa nimeomba hati ya usafirishaji ya Japani, ambamo kilomita huandikwa, au hata kujipa dakika mbili kwenye fremu ya mlango na chini ya boneti na simu yangu hii hii, ningejua kabla ya kulipa. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda wa taimingi kwa kawaida anabandika stika kwenye kifuniko, yenye tarehe na kilomita. Nilifungua boneti. Hakuna stika. Yaani uwezekano mkubwa mkanda ulikuwa wa kiwandani, wa miaka 17. Na injini hii mkanda ukikatika, vavu zinagongana na pistoni.

Sikuliwasha tena. Nikalipakia kwenye breakdown hadi mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa mzee mmoja ambaye yule dada wa Forester alinielekeza.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Liwashe nisikie."

"Mzee, naogopa mkanda."

"Limekuja miaka yote hiyo, sekunde tano litavumilia. Liwashe."

Nikaliwasha. Akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza mtu mwenye kikohozi. Akaashiria nizime.

"Hii si sauti yake."

Nikamwambia hiyo sauti ndiyo iliyonifanya ninunue. Akatabasamu bila furaha. Akanielezea kwamba ule mngurumo wa Subaru unatokana na mabomba ya moshi ya mbele kuwa na urefu usiolingana, moshi wa silinda unafika kwa kupishana vibaya. STI za soko la Japani, tangu mwishoni mwa 2002, zilifungwa tabo ya njia mbili na mabomba yanayolingana. Zinapumua kwa sauti nyororo zaidi. Langu, GDB ya Japani, halikupaswa kunguruma hivyo. Ina maana tabo yake ya asili ilikufa, likafungwa tabo na manifodi (hayo mabomba ya mbele) ya gari jingine, ya bei rahisi. Nilikuwa nimelipia kovu nikidhani ni urembo.

Akafungua vifuniko vya mkanda mbele yangu. Akaupinda kidogo kwa kidole gumba, na mgongoni mwa ule mpira zikafunguka nyufa nyembamba, moja baada ya nyingine, kama udongo wa mbuga kiangazi. Mzee hakusema kitu, alinishikisha tu. Kisha akavuta stiki ya oili. Ilikuwa kavu karibu yote, tone moja jeusi kwenye ncha. Akaniuliza nimeangalia lini. Nikasema taa ya oili haijawahi kuwaka.

"Taa ile ni ya presha, mwanangu. Ikiwaka, umeshazika."

Hii ndiyo sehemu ningependa uisome mara mbili. Taa nyekundu ya oili haipimi wingi. Injini ya boksa yenye tabo, hasa iliyochoka, inakula oili bila moshi wa kuonekana, na kati ya alama ya chini na ya juu ya stiki ni kama lita moja tu. Angalia kila unapojaza mafuta, gari likiwa mahali tambarare na limepoa, futa stiki, rudisha, vuta tena. Soma pande zote mbili na uamini upande unaosema kidogo. Miezi mitatu mimi nilikimbizana na milio, taa na sauti za Kijapani, vitu ambavyo vyote vilikuwa vizima. Kilichokuwa kinakufa kilikaa kimya.

Akapima mgandamizo wa silinda. Tatu zilisoma baa 10 na ushee. Ya nne ikasoma 6. Mzee akasema alitegemea, silinda namba nne ndiyo inayotangulia kwenye injini hizi. Ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa imemeguka kipande pale panapokaa ringi.

Ovahoo ilichukua wiki saba, nyingi za kusubiri spea, na shilingi 6,400,000. Ndani yake kuna pistoni na ringi, gasketi, kuchonga hedi, mkanda na roli zake zote, na pampu ya maji, kwa kuwa inazungushwa na mkanda huohuo na hakuna sababu ya kufungua mara mbili. Tabo ya asili sikurudisha, bei yake ilinifanya nicheke. Ukijumlisha vile vya kijinga, betri, altaneta, sensa, mashine ya kupima na hasara ya rimu, ni 850,000. Nilikopa milioni tatu kwenye saccos ya kazini, na mama watoto ndiye aliyenidhamini. Alisaini bila kusema "sawa".

Muuzaji nilimpigia. Alisema naye aliuziwa hivyohivyo. Huenda ni kweli. Mkataba wetu ulikuwa na mstari unaosema gari linauzwa "kama lilivyo", na sahihi yangu iko chini yake, imechorwa kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda kusikia sauti.

Bado ninalo. Kuna kijana wa mtaa wa pili amekuwa akinifuata tangu mwezi uliopita, anataka nimuuzie. Jumapili nikampa ufunguo, nikamwonyesha kijikaratasi cha mlangoni ambacho sijakibandua, kitabu, daftari langu la oili, risiti za Gerezani. Nikamwambia akae ndani saa nzima, asome, abonyeze kila kitu, aniulize chochote, mimi niko barazani nakunywa chai. Hazikupita dakika tano nikasikia anawasha. Mama wa Kijapani akasema kuhusu kadi yake. Kisha kimya kidogo, na kijana akachomoza kichwa dirishani, macho yanang'aa.

"Kaka, hili linakimbia ngapi?"